"Shetani Alinipitia": Somo Kutoka kwa Malkia Mwovu



Likizo yangu nimeimalizia nyumbani, Sinza, na badala ya kusoma vile vitabu viwili nilivyobeba kutoka seminarini, nimeangalia sizoni. Nalisema mapema ili msije mkadhani frateri akirudi nyumbani anashinda kanisani tu. Mdogo wangu wa kike alikuwa na flashi aliyojaziwa kwenye duka moja la muvi huku njia ya Shekilango, na ndani yake ilikuwemo Once Upon a Time yote. Tukaanza kama utani, siku moja ya mvua. Wiki ya pili tulikuwa tumefika msimu wa sita.

Msimu huo nilishauona mwaka 2017, nikiwa nasubiri matokeo ya kidato cha sita, na niliuchukia. Safari hii umenifanya niende kuungama, halafu ukanifanya nifanye jambo gumu kuliko kuungama. Kwa hiyo naomba mnivumilie, nitaeleza kwanza hadithi yenyewe. Ambaye hajaiangalia na anachukia kuhadithiwa mwisho, basi aishie hapa.

Ni tamthilia ya Kimarekani, ilirushwa na kituo cha ABC kuanzia Oktoba 2011 hadi Mei 2018, misimu saba. Jina lake kwa Kiswahili ni lilelile ambalo bibi zetu walianzia baada ya "paukwa, pakawa": hapo zamani za kale. Watu wote wa hadithi tulizozisoma tukiwa wadogo, Snow White, Rumplestiltskin na wengineo, wamelaaniwa wakajikuta kwenye mji mdogo wa Marekani uitwao Storybrooke, na hawakumbuki wao ni nani. Aliyewalaani ni Malkia Mwovu, mama wa kambo wa Snow White. Jina lake Regina, na ameigizwa na Lana Parrilla.

Regina ndiye sababu watu wengi, mimi nikiwemo, tuliifuata hii sizoni mpaka mwisho. Kwenye hadithi zetu mama wa kambo ni mbaya kuanzia mstari wa kwanza, na hakuna anayeuliza alianzaje. Hawa jamaa waliuliza. Wakatuonyesha binti aliyempenda kijana wa kutunza farasi aitwaye Daniel, na mama yake mzazi, Cora, akamng'oa huyo kijana moyo mbele ya macho ya binti yake ili binti aolewe na mfalme. Snow White, akiwa bado mtoto, ndiye aliyeitoa siri bila kujua. Hapo chuki ikaanza. Haina maana Regina alisingiziwa. Aliua watu wengi sana, na ili laana yake ifanye kazi alimuua hata baba yake mzazi aliyempenda. Lakini alikuwa na mtoto wa kumlea, Henry, na kwa ajili ya huyo mtoto akaanza kubadilika, polepole, anapiga hatua mbili anarudi moja, misimu mitano mizima. Wale mnaopambana na tabia fulani mnajua mwendo huo.

Sasa bwana, mwishoni mwa msimu wa tano Robin Hood, mwanaume ambaye Regina alikuwa amempata baada ya miaka yote ile, anauawa. Regina anahisi zile hasira za zamani zinapanda tena. Anakiri kwamba Malkia bado yumo ndani yake, na kwamba kila siku ni vita. Na hapo inatokea dawa. Ni dawa ya Daktari Jekyll, yule wa kitabu cha Robert Louis Stevenson cha mwaka 1886, inayomtenga mtu na ubaya wake. Regina anaitumia. Malkia Mwovu anatoka ndani yake na kusimama pembeni, mwili kamili, na gauni lake. Regina anamng'oa moyo na kuuponda mpaka ukawa vumbi. Kwisha habari.

Ila haikwisha. Moyo uligeuka vumbi lakini Malkia hakufa, na msimu wa sita, ulioanza Septemba 2016, anaingia Storybrooke kuwasumbua watu, wa kwanza akiwa Regina mwenyewe.

Mashabiki wengi walikasirika, na nilikuwa mmoja wao. Tulisema waandishi wameishiwa: misimu mitano tumemwangalia dada wa watu anatubu kwa jasho, halafu mnatuletea sindano! Bado naona kwamba msimu ule una vurugu nyingi zisizo na kichwa wala miguu. Aladdin anaingia, Kapteni Nemo anaingia, unapoteza hesabu. Msimu wa saba sitausemea, nusu ya watu tuliowapenda hawapo. Lakini kuhusu Regina sasa naona tulikosea. Waandishi hawakusema kwamba dawa inafaa. Walikuwa wanaonyesha kwamba haifai, na walichukua muda wao.

Angalieni episodi ya nne, ya Jekyll na Hyde. Mpaka hapo tumeaminishwa kwamba Jekyll ni mpole, na Hyde ndiye ubaya wake uliotolewa nje. Kumbe zamani kulikuwa na binti aitwaye Mary aliyempenda Hyde, na Jekyll, yule mpole, kwa wivu wake akamsukuma mpaka akafa. Jekyll ndiye muuaji. Na baadaye Jekyll anapokufa, Hyde naye anakufa hapohapo. Dawa haikutengeneza watu wawili. Iligawa jina tu.

Nilipofika hapo nilimwambia mdogo wangu asimamishe kidogo. Nilikuwa nimekumbuka darasa la falsafa kule Kibosho, asubuhi ya baridi, tunasoma Mtakatifu Augustino. Mnajua kwamba kabla ya kubatizwa na Mtakatifu Ambrosi kule Milano mwaka 387, Augustino alikaa miaka kama tisa kwenye kundi la Wamani. Hao walifundisha kwamba kuna asili mbili zinazopigana, ya mwanga na ya giza, na kwamba dhambi unayotenda ni kazi ya ile asili ya giza. Augustino mwenyewe, kwenye Maungamo, kitabu cha tano, anakiri kitu ambacho kingemtoa aibu mtu yeyote: fundisho lile lilimpendeza kwa sababu lilimpa kiburi cha kutokuwa na kosa. Akitenda baya, si yeye aliyetenda, ni kile kingine kilichomo ndani yake.

Sisi hatuna Wamani Sinza. Tuna sentensi. Kijana kashikwa na simu ya mtu kwenye daladala: "Shetani alinipitia." Baba wa watu kampiga mkewe: "Hasira tu, shetani alinipitia." Binti kasambaza picha za rafiki yake kwenye grupu la WhatsApp: "Sijui ilikuwaje, yaani shetani tu." Tumeizoea mpaka imekuwa kama namna ya kuomba msamaha, na anayeombwa anaipokea, maana akiikataa ataonekana ana roho mbaya.

Msinielewe vibaya. Shetani yupo na Kanisa halijawahi kufundisha vinginevyo. Lakini rudini Mwanzo sura ya tatu. Mungu anamuuliza Adamu, Adamu anamsukumia Eva. Mungu anamuuliza Eva, Eva anamsukumia nyoka. Na nyoka kweli alikuwepo! Eva hakudanganya. Mungu anamhukumu nyoka kwa sehemu yake, halafu anarudi kwa Eva, anarudi kwa Adamu, kila mmoja kwa sehemu yake. Kuwepo kwa nyoka hakukufuta swali aliloulizwa mwanadamu.

Mwenye kuijua Biblia ataniuliza: frateri, mbona Paulo mwenyewe kwenye Waroma sura ya saba anasema kama si yeye atendaye, bali dhambi ikaayo ndani yake? Swali zuri, nililiuliza na mimi. Someni mpaka mwisho wa sura. Paulo anaeleza namna mtu anavyochanika ndani, anataka jema na anatenda asilolitaka. Lakini anapofika kwenye kilio chake, hasemi "nani atakiokoa kile kipande changu kizuri". Anajiita yeye maskini, anauliza nani atamwokoa yeye, na jibu ni Yesu Kristo. Kristo hakuja kuokoa nusu ya Paulo.

Na hapa falsafa inasaidia kidogo. Augustino, na baada yake Mtakatifu Tomaso wa Akwino, wanafundisha kwamba uovu si kitu kinachosimama chenyewe. Ni upungufu wa wema uliotakiwa uwepo. Chukua tundu kwenye shati. Lipo, linaonekana, na linakutia aibu ukiinua mkono. Lakini huwezi kulitoa lile tundu ukalitundika kwenye hanga pembeni ya shati. Ukitaka liondoke unashona, na kushona maana yake unaishika nguo ileile iliyochanika. Ndiyo sababu Malkia Mwovu hawezi kutolewa kwa sindano. Nguvu anayotumia kuharibu ni nguvu ya Regina, akili ni ya Regina, na hata ule uchungu wa Daniel ni wa Regina. Ukimtupa Malkia umetupa na vitu ambavyo Mungu aliviumba.

Sasa la kwangu. Mama ameniruhusu niliandike.

Mwaka uleule wa 2017, nikisubiri matokeo, nilikuwa nabeti. Si kidogo. Asubuhi mikeka, jioni mikeka, najua timu za ligi ya Sweden kuliko ninavyojua majina ya mitume. Mama alikuwa mweka hazina wa kikoba cha akina mama hapa mtaani. Sanduku la kikoba lilikuwa na kufuli tatu na funguo zilikaa kwa watu watatu, hilo halikuguswa. Lakini wanaochelewa kuchanga walikuwa wanamletea mama hela nyumbani, naye anaziweka kwenye kopo la Blue Band mpaka Jumamosi ya kikao. Nilichukua 140,000. Nilikuwa na uhakika nitazirudisha kabla ya Jumamosi. Mechi ya mwisho kwenye mkeka ilinichania.

Mama alipofungua kopo hakupiga kelele. Alidhani amezipoteza, au kuna fundi aliyeingia kutengeneza feni. Kwenye kikao alisema hela zimepotea, atazilipa. Alizilipa kwa miezi mitano, kwa vitumbua. Na akina mama, nao ni binadamu, wakasema yao. Hawakumwambia usoni kwamba amekula hela. Walimwambia apumzike uhazina.

Mimi nikaingia seminari.

Niliungama, ndiyo. Niliungama mapema kabisa, kwa padre wa mbali asiyenijua, na nilitumia sentensi ileile: nilikuwa kijana, shetani alinipitia. Padre akaniambia nirudishe. Nikasema sawa. Halafu miaka ikapita, na kila nilipokumbuka nilikuwa na jibu. Yule alikuwa mtoto wa Sinza, mcheza kamari. Huyu ni frateri, anavaa kanzu, anafundisha watoto wa kipaimara. Nilikuwa nimeshampiga sindano yule mwingine, nikamponda moyo, nikamwacha kituo cha daladala.

Mwanzoni mwa likizo hii nilipita kwenye kibanda kimoja cha kubeti, natafuta vocha tu. Ubao una mechi za jioni. Ndugu zangu, macho yangu yalisoma odi zote kabla sijajua yanasoma. Kichwa kikapiga hesabu: ukiweka elfu mbili unapata ngapi. Miaka saba! Falsafa nimemaliza! Nilitoka pale bila vocha na natetemeka.

Katekisimu ilishaniambia, sikusikiliza. Namba 1264 inafundisha kwamba Ubatizo unaondoa dhambi, lakini mwelekeo wa kutenda dhambi unabaki ndani ya mbatizwa, ili apambane nao kwa neema ya Kristo. Kuvaa kanzu hakuuondoi. Niliogopa kwa sababu nilikuwa nimejiaminisha kwamba yule jamaa alishakufa. Na nadhani vijana wengi tunavunjika moyo kwa sababu hiyohiyo. Tunaenda mkesha, tunalia, tunaombewa, Jumatatu tunaanguka, tunasema basi, maombi yale yalikuwa ya uongo au mimi sina wokovu. Hapana. Ulidhani umechomwa sindano, kumbe ulipewa neema, na neema inafanya kazi na wewe uleule.

Episodi ya kumi na nne ya ule msimu ndiyo iliyonimaliza. Regina na Malkia wanapigana, Regina anashinda. Anaung'oa moyo wa Malkia, ameushika mkononi, sisi sote tunajua kinachofuata, maana misimu sita tumemwona akiponda mioyo. Haupondi. Anautoa na wake mwenyewe. Anachukua sehemu ya giza la mwenzake anaiingiza kwake, na sehemu ya upendo wake anaipeleka kule. Anakubali kwamba yule ni yeye.

Tukio lile lina kasoro yake, lazima niseme kama mwanafunzi wa Kanisa. Regina anajisamehe mwenyewe. Kwenye sizoni hakuna wa kumwambia "umesamehewa", kwa hiyo inabidi ajiambie. Sisi hatuko hivyo. Hakuna anayejiondolea dhambi. Hata Papa anapiga magoti kwa padre mwingine. Neno la msamaha linatoka nje yako, linatoka kwa Kristo kupitia kinywa cha padre, na ndiyo maana linaaminika usiku ukiwa hujiamini mwenyewe. Lakini kile kitendo cha kwanza, cha kukubali kwamba "yule ni mimi", hicho Regina alikipata sawa kuliko mimi. Mwanzoni mwa Misa tunapiga kifua na kukiri kwa Mungu na kwa ndugu zetu. Mkono unagonga kifua cha anayesema. Haujawahi kunyooshewa pembeni.

Kwa hiyo unapojiandaa kuungama, jaribu kitu kimoja. Kila dhambi unayoiandika au kuikumbuka, itaje kwa kitenzi chenye "ni" mwanzoni: niliiba, nilisema uongo, niliangalia, nilimtukana. Ukiona sentensi imeanza na shetani, na marafiki, na utandawazi, au "nilijikuta" (hii "nilijikuta" ni hatari, tunajikuta sehemu nyingi sana), irudie. Huhitaji kujitukana wala kusema wewe ni takataka. Sema tu nani alifanya nini.

Halafu kuna namba 1459. Inasema maondoleo yanafuta dhambi lakini hayarekebishi kila kilichoharibika. Lazima kufanya linalowezekana kurekebisha. Inataja mfano wa kurudisha vilivyoibwa, na inataja pia kurudisha heshima ya mtu aliyeharibiwa jina. Nilisoma huo mstari mara tatu. Hela ningeweza kumtumia mama kwa simu bila neno. Jina lake je?

Niliungama upya, safari hii bila shetani. Jioni yake nikamwambia mama, jikoni, anachambua mchele. Alinyamaza muda mrefu. Akauliza, "Kwa hiyo fundi wa feni wa watu hakuchukua?" Nikasema hakuchukua. Akasema, "Nimemsalimia kwa kununa miaka saba." Hilo sikuwa nimelijua kabisa. Mtu wa tatu niliyemdhulumu, na wala hakuwepo kwenye hesabu yangu.

Jumamosi tukaenda wote kwenye kikao cha kikoba. Wengi ni walewale, na wawili ni mama zangu wa jumuiya, wanaonichangia ada ya seminari. Nilikuwa na 140,000 kwenye bahasha, niliuza simu yangu. Mwenyekiti akanipa nafasi. Nikasimama, koo limekauka, na kwa mazoea ya Kiswahili chetu nikaanza: "Shikamooni mama zangu. Mwaka 2017, shetani..."

Bibi mmoja aliyekaa kwenye ndoo, mkubwa kuliko wote pale, akanikatiza. "Marahaba, baba. Shetani si mwanachama wetu. Sema wewe."

Nikasema. Niliiba hela zenu, mama yangu hakula hata shilingi, alilipa kosa langu kwa vitumbua vyake. Kulikuwa na ukimya, halafu kelele, halafu mama mmoja alilia na mwingine alikasirika kweli, akaondoka kabla ya kikao kuisha. Mpaka leo hajaniitikia salamu, na sina cha kumlaumu. Mwenyekiti akaagiza iandikwe kwenye daftari. Mweka hazina wa sasa akauliza kama hela ya bahasha ni ya kikoba au ya mama, ukazuka ubishi mrefu, ikaamuliwa ni ya mama kwa sababu kikoba kilishalipwa. Kisha wakanipiga faini ya 10,000 ya kuvuruga kikao, ambayo nadaiwa mpaka sasa.

Walimwomba mama arudi kwenye uhazina. Amekataa, anasema macho yake hayaoni vizuri namba ndogo. Kesho yake asubuhi tulienda wawili kwa fundi wa feni.